Fundi Aliyesita

Bob Chandler wa St. Louis, Marekani, alikuwa mtu wa gereji. Pikapu yake, Ford F-250 ya mwaka 1974, ilikuwa tangazo la biashara yake ya magari ya kupita matopeni. Alipenda kukanyaga mafuta, na vyuma vilikatika. Kila kilichovunjika alikifunga upya kwa ukubwa zaidi. Mguu huo mzito ndio uliolipa gari jina: Bigfoot.

Mwaka 1981 alipanga magari mawili makuukuu shambani, akapita juu yake huku video ikirekodiwa. Mwandaaji mmoja wa maonyesho aliiona kanda hiyo dukani kwake, akamwomba afanye vile mbele ya watu. Chandler akasita. Hakutaka gari lake lijulikane kwa uharibifu.

Kusita huko kunanifikirisha. Kosa lingekuwa nini hasa? Magari yalikuwa chakavu. Hakuna aliyedhulumiwa wala kuumia. Anayepima maadili kwa hasara peke yake hana la kumshitaki. Lakini fundi ana kipimo kingine, maana yeye hukitazama chuma akiona kazi ya mikono ya mtu. Kwetu Dar es Salaam gari halifi: mlango huhamia gari jingine, springi hugeuka panga, rimu huwa jiko la mkaa. Nikiitazama video ile nacheka (sitaki kujifanya mtakatifu, paa likibonyea kuna raha yake), na papo hapo jicho langu linatafuta taa ambayo ingefaa kuokolewa.

Hatimaye alikubali. Mwaka 1982 Bigfoot la pili, lenye matairi ya karibu sentimita 168, kimo cha mtu, lilikanyaga magari katika uwanja wa Silverdome, Michigan, na sifa zikapaa. Mwaka 1986 likaja Bigfoot 5, lenye matairi ya futi kumi yaliyotoka kwenye mtambo wa jeshi wa kuvuka theluji. Kubwa kuliko hapo ungeliegesha wapi?

Jicho la mtazamaji huzoea upesi. Wapinzani walijaa, maonyesho yakawa ya mbio na kuruka, na magari ya kupondwa yakabaki kama ngazi tu ya kurukia. Kisha umati ukalipenda Grave Digger, gari la Dennis Anderson, aliyeliendesha kana kwamba ni la kutupwa: likipinduka, gurudumu likichomoka, ndipo shangwe zilipopanda. Watu walikuwa wameshiba kuona cha mnyonge kikipondwa. Sasa walitaka kumwona mpondaji mwenyewe akivunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Bigfoot lilijitoa katika Monster Jam kwa mgogoro wa haki za picha, na watoto wa baadaye wakalijua Grave Digger kwanza. Mgogoro ule ulikuwa wa kweli, ila naona jukwaa lilikuwa limeshahama miguuni pake.

Simlaumu Chandler kwa kukubali, wala umati kwa kushangilia, nami ningeshangilia. Namheshimu tu kwa ile siku aliyosita, kabla hajajua kuna fedha kiasi gani.

Bigfoot la kwanza bado lipo. Limekarabatiwa, linang'aa buluu yake, na hakuna anayeruhusiwa kulikanyaga.