Rehema Ina Gharama: Nani Analipa?

Somo: Mathayo 18:21–35



Tukimwambia mtu "wewe samehe tu," huwa tunafikiri deni likisamehewa linayeyuka. Haliyeyuki, linahama. Mfalme alipomsamehe mtumwa wake talanta 10,000, zile talanta hazikurudi kwenye hazina. Mfalme mwenyewe ndiye aliyebaki na pengo. Naye yule mtumwa akakataa kubeba pengo dogo la dinari 100. Akamkaba mwenzake koo.

Historia ya hapa kwetu inatufundisha vivyo hivyo. Ukitoka Magongo, ukapita Jomvu na Miritini hadi Mazeras, unaingia njia ya Rabai, kwenye misheni iliyoanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846. Miaka ya 1880, watumwa waliotoroka mashamba ya Pwani walikimbilia huko na kwenye misheni nyingine, wakapokelewa. Waliowamiliki wakaja juu, wakawadai. Mwaka 1888 George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Waingereza, akaamua kuwalipa fidia, na mwanzoni mwa 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru.

Utauliza: kwani binadamu ni mali, mpaka alipiwe? Swali hilo ni la haki kabisa. Aliyemiliki mtu hakustahili hata senti. Tena kampuni ilikuwa na biashara yake ya kulinda, ilitaka amani. Hata hivyo, kufunguliwa mlango wa misheni peke yake hakukutosha. Ili mtu asirudishwe utumwani, kuna aliyetia mkono mfukoni.

Sasa tuje kwetu. Kibarua wa bandarini amekosa kazi wiki tatu, na mwenye nyumba ameshika kufuli. Sisi tunamwambia mwenye nyumba, "Mzee, kuwa na huruma." Sawa, lakini hiyo ni huruma ya mfuko wake, si wako. Pengine kodi hiyo ndiyo karo ya watoto wake. Vilevile, mweka hazina wa chama akimfutia rafiki yake mkopo kimyakimya, hajarehemu. Ametoa jasho la akina mama wenzake. Akitaka kurehemu, alipe yeye.

Wengine husema, "Tukilipia watu kila mara, watazoea." Kweli, wapo watakaozoea. Kwa hivyo mtembelee mtu, jua hali yake, na ukisikia kazi mahali mwambie. Lakini yule mfalme hakungoja kwanza mtumwa athibitishe kwamba hatakopa tena.

Wapendwa, msalaba ndio hesabu yetu. Mungu hakusema dhambi zetu si kitu. Alizibeba Mwenyewe, ndani ya Mwanawe. Aliyesamehewa hivyo hawezi kuwa mtu wa kugawa rehema kwa gharama ya wengine.

Basi wiki hii, kabla hujamwambia mtu "samehe," jiulize: na mimi hapa nabeba nini? Labda ni shilingi 500 za kuongezea kodi ya jirani. Labda ni deni la dukani kwako unaloweza kulifuta daftarini, na usilitoe ushuhuda Jumapili.

Mungu awabariki. Amina.