Mwana Ajiumizapo Mwenyewe

Mzazi agunduapo ya kuwa mwanawe huujeruhi mwili wake kwa makusudi na kwa siri, maneno mawili humjia upesi. La kwanza ni la hasira: "Ni utundu, anataka kuonwa." La pili ni la hofu: "Ameingiwa na pepo." Siku hizi limezuka la tatu, lenye sura ya kitaalamu: "Si yeye, ni ubongo wake tu." Leo twapenda kuyapima maneno hayo, maana jinsi mzazi alipokeavyo jambo hili ndivyo mwana atakavyoufungua moyo wake, au kuufunga.

Jambo lenyewe si la watu wachache. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014, uliokusanya hesabu za nchi mbalimbali, ulionyesha ya kuwa katika kila vijana 100, wapatao 17 walikuwa wamekwisha kujiumiza angalau mara moja pasipo nia ya kufa. Na walio wengi huficha. Atakaye kuonwa, mbona ajifiche? Basi yatupasa kuuliza anatafuta nini.

Wataalamu wa ubongo wamejitahidi kujibu. Mwaka 1999 Daktari Jay Giedd na wenzake huko Marekani, waliowapiga watoto picha za ubongo tena na tena kadiri walivyokua, walitangaza ya kuwa ubongo haukomi kujengeka utotoni, bali waendelea katika miaka ya ujana. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima mambo na kuizuia pupa, ni miongoni mwa zile za mwisho kukomaa, na kukomaa huko hupita umri wa miaka 20. Lakini sehemu za ndani ziwashazo hofu na hasira zina nguvu mapema. Kijana ni kama jahazi lililokwisha kutweka tanga, na usukani wake ungali unachongwa.

Tena, mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles waliwachezesha watu mchezo wa kurushiana mpira katika kompyuta, kisha wakamtenga mchezaji asipewe mpira. Picha zilionyesha ya kuwa mtu atengwapo, huamka sehemu ya ubongo ambayo huamka pia mwili uumiapo. Na wengine wameonyesha ya kuwa maumivu ya mwili yakomapo, uchungu wa moyo nao hutulia kwa kitambo. Hapo ndipo ulipo mtego. Kijana aliyelemewa na aibu au upweke asioweza kuutamka huipata nafuu hiyo fupi. Kisha uchungu warudi, na aibu mpya imeongezeka juu yake.

Je, elimu hii yaiondoa roho? Hasha. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thomas wa Akwino alikwisha kufundisha ya kuwa roho na mwili si kama mtu na nyumba apangayo, bali ni mtu mmoja. Na alieleza ya kuwa kiungo cha mwili kikidhurika, mtu huzuiliwa hata kufikiri yale aliyokuwa akiyajua. Mkatoliki hana sababu ya kuiogopa picha ya ubongo. Lakini picha hiyo yaonyesha njia uliyopita uchungu. Haimwonyeshi mtu mzima. Asemaye "ni ubongo tu" anadhani amemhurumia kijana, kumbe amemnyang'anya tumaini, kwa kuwa amemwambia ya kuwa hana hiari wala hatakuwa nayo.

Na hatia, je? Amri ya Tano yatuagiza kuutunza mwili, na kuujeruhi si jambo jema. Walakini ubaya wa tendo na hatia ya mtendaji si kitu kimoja. Dhambi ya mauti yataka jambo zito, ujuzi kamili na hiari kamili. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha ya kuwa hofu, mazoea na mambo mengine ya nafsi yaweza kuipunguza hatia, au hata kuiondoa. Kwa kiasi gani, Mungu ndiye ajuaye. Na kwa habari ya pepo, kitabu cha ibada ya kupunga pepo kilichotolewa upya na Roma mwaka 1999 chamwonya padre asidhani upesi ya kuwa pepo yupo mahali palipo na ugonjwa. Ikiwa padre aonywa hivyo, sembuse jirani!

Wako watakaotujibu kwa methali: "Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli, na wataalamu wanaithibitisha: ubongo wa kijana ungali mbichi, wakunjika. Lakini samaki hukunjwa kwa mkono, hakunjwi kwa rungu. Fimbo juu ya mwili ambao mwenyewe amekwisha kuujeruhi yamfundisha neno moja tu, ya kuwa alistahili kuumizwa.

Ushahidi upo ya kuwa mtu hubadilika. Marsha Linehan, Mkatoliki wa Marekani, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1961 akiwa na miaka 17, na humo alijiumiza mara nyingi. Mwaka 1967, alipokuwa akisali katika kikanisa mjini Chicago, alijiona amependwa na Mungu. Baadaye alisoma saikolojia, akawa profesa mjini Seattle, akabuni matibabu ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1991. Na mwaka 2011 ndipo alipoieleza dunia habari za ujana wake. Matibabu yake yana miguu miwili: kumpokea mtu jinsi alivyo, na kumfundisha namna mpya ya kuustahimili uchungu. Huko Norwei, katika uchunguzi wa vijana 77 uliotangazwa mwaka 2014, waliotibiwa kwa njia hiyo walipunguza kujiumiza kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida. Na wazazi walifundishwa pamoja na wana wao.

Injili ya Marko, katika sura ya 5, yasimulia habari za mtu aliyekaa makaburini, akilia usiku na mchana na kujijeruhi kwa mawe. Watu walikuwa wamejaribu minyororo, isifae kitu. Hatusemi ya kuwa vijana wetu ni kama yeye. Twatazama tu jinsi Bwana wetu alivyomtendea. Hakuleta mnyororo wa pili. Alimsemesha, akauliza jina, akamponya. Na mwisho akamwagiza arudi nyumbani kwa watu wake.

Basi, twawasihi ninyi wazazi: msipige kelele, msipige fimbo, wala msimwaibishe mwana mbele ya jamaa. Kaeni naye mahali pa faragha, mkamwulize kwa upole, na mkasikilize kuliko kusema. Mwulizeni waziwazi kama anawaza kufa; swali hilo halimtii wazo hilo moyoni, bali humpa ruhusa ya kulitua. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, wala msingoje kesho kumfikisha hospitali. Hata akisema siyo, mpelekeni kwa mganga ajuaye magonjwa ya akili, maana ajiumizaye leo pasipo nia ya kufa yumo katika hatari kubwa kuliko wenzake. Kitubio na sala vina nafasi yake, na tusiviache. Lakini padre hachukui nafasi ya mganga, wala mganga hachukui nafasi ya mama.

Bwana alimrudisha mtu yule nyumbani. Ni juu yetu kuhakikisha ya kuwa nyumba hiyo yakalika.