Haki ya Asomaye Polepole

Katika darasa moja mtoto huyu asoma hadithi nzima, na mwenziwe angali anaunganisha silabi. Je, mwalimu akiwapa wote kitabu kimoja na muda sawa, ametenda haki? La. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili Tanzania umekazia kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini watoto hawaendi mwendo mmoja. Yafaa wagawanywe katika vikundi vidogo, na walio nyuma wakae na mwalimu zaidi. Mzazi wa mtoto mwepesi asinung'unike: asomaye peke yake kwa kitambo hapunjwi kitu. Wala kikundi kisigeuke chapa ya ujinga. Wapimwe mara kwa mara, na aliyeendelea ahamishwe. Nasi wazazi, mtoto arudipo nyumbani tumsikilize akisoma, awe wa kwanza au wa mwisho.