Amana ni ya Nani?

Miongoni mwa maneno ambayo lugha yetu imeyatwika mzigo mzito, amana ni mojawapo. Mtu akisafiri humwachia jirani sanduku lake, na jirani hulilinda bila ya kulifungua. Hiyo ndiyo amana. Neno hilohilo leo tunalitumia kwa fedha anazozitoa mpangaji kabla ya kukabidhiwa ufunguo, ambazo hukaa kwa mwenye nyumba hadi siku ya kuhama. Siku hiyo ndipo ugomvi unapozuka. Mwenye nyumba huonyesha ukuta uliobabuka na kitasa kilicholegea. Mpangaji huapa kwamba ndivyo alivyovikuta. Fedha hazirudi, na watu wawili waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi huanza kukwepana njiani.

Tuulize basi: fedha hizi ni mali ya nani?

Si arubuni, kwani arubuni huingia katika bei pale biashara inapotimia. Si kodi, kwani kodi ni thamani ya kukaa, na ikishatolewa imekwenda. Ukiichunguza kazi yake, amana hii iko karibu zaidi na rehani: mali ya mtu mmoja iliyowekwa mkononi mwa mwengine ili kulinda haki ya huyo wa pili. Lakini iwe amana au iwe rehani, maneno yote mawili yanakubaliana katika jambo moja: aliyeishika si mwenyewe.

Aghalabu aliyeishika huitumia, wala hatendi hivyo kwa roho mbaya. Kuna ada ya mtoto, kuna bati la kuezeka, na fedha zimo mkononi. Ila tangu saa ile aliyoitumia, amana imekwishakuwa deni, na wahenga walikwishasema: kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kuhama inapofika, asiye na cha kurudisha hulazimika kutafuta sababu ya kutorudisha. Hapo alama ya msumari hugeuka shimo.

Lipo pia suali la uharibifu wenyewe. Zitazame nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba. Unyevu hupanda kutoka ardhini pamoja na chumvi. Maji yakikauka, chumvi huganda ndani ya lipu na kuimenya. Fundi akipaka saruji juu ya chokaa ya kale, unyevu hukosa pa kutokea, na ukuta huharibika zaidi. Je, mpangaji aliyekaa humo miaka mitatu alipe rangi iliyobanduka kwa chumvi ambayo ilikuwamo kabla yeye hajazaliwa?

Mafakihi walilitatua jambo hili zamani katika milango ya ijara. Mkono wa mpangaji, walisema, ni mkono wa amana: hadhamini kilichoharibika ila amevuka mpaka au amezembea. Mantiki yake iko wazi hata kwa asiyesoma fikihi. Kodi ni bei ya kutumia, na kutumia ni pamoja na kuchakaza. Anayekata gharama ya uchakavu katika amana ametoza kitu kimoja mara mbili.

Hata hivyo, mizani haina upande mmoja. Ikiwa fedha ni amana mkononi mwa mwenye nyumba, nyumba nayo ni amana mkononi mwa mpangaji. Anayeacha bomba wazi hadi maji yakaozesha vichwa vya boriti amevuka mpaka, na haki ni alipe. Naye anayegoma kutoa kodi ya mwezi wa mwisho, akisema "kata kwenye amana", amemnyang'anya mwenzake kinga aliyokubali kumpa, na kumwacha mikono mitupu iwapo kweli pana kilichoharibika.

Hasara kubwa, khasa, hufanyika kimyakimya, kabla ya siku ya kuhama. Mpangaji anayejua kwamba kila kasoro itahesabiwa juu yake huificha. Dari ikivuja, huweka ndoo. Ukuta ukipata ukungu, husogeza kabati. Wahenga walituambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ni nani atakayeusema ufa, ikiwa kuusema ni kukiri kosa? Fedha zilizowekwa ili kuilinda nyumba zinageuka sababu ya nyumba kuangamia. Hapa tunaona kuwa uaminifu si pambo la tabia. Ni sehemu ya jengo, kama chokaa.

Chanzo cha yote ni kwamba mtu mmoja ameshika fedha na hapohapo ni hakimu wa fedha hizo. Hata mcha Mungu hapaswi kuwekwa katika mtihani huo. Huko England, tangu Aprili 2007, mwenye nyumba anayepokea amana katika upangaji wa kawaida hulazimika kuiingiza katika mpango ulioidhinishwa na serikali, ambao pia hutoa njia ya usuluhishi bila ya mahakama. Asiyefanya hivyo aweza kuamriwa kulipa hadi mara tatu ya amana hiyo. Sisi hatuna haja ya kusafiri mbali kiasi hicho ili tupate hekima. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na inayofuata inataja rehani na amana. Basi pande mbili na zizunguke nyumba pamoja siku ya kuingia, ziandike kila ufa na kila bawaba, zitie saini mbele ya shahidi, na ikiwezekana fedha zishikwe na mtu wa tatu anayeaminiwa na wote.

Watakaosema kuwa kuandika ni dalili ya kutoaminiana wamekosea. Karatasi ile humwondolea mpangaji hofu ya kuusema ufa, na humwondolea mwenye nyumba kishawishi cha kuupanua.