Kila Farasi na Mwendo Wake
Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12



Naandika haya baada ya Alfajiri. Leo mlima umefunguka wote, Kibo inaonekana mpaka mikunjo yake. Ikifika saa tatu mawingu yatakuwa yameshaufunika, kwa hiyo aliye nje sasa hivi ainue macho kidogo aseme Subhanallah, kisha arudi tuongee.

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa mmoja wenu. Nimemwomba ruhusa, nami naufupisha: "Assalaamu alaykum sheikh, shikamoo. Dada yetu ana saratani ya titi. Yuko kwenye dripu, amebakiza awamu mbili. Tumegundua kajiandikisha mbio za Kilimanjaro, na juu ya hilo anafunga kwa siri. Kaka mkubwa anasema huko ni kujiua. Mama anasema mwacheni, ndiyo furaha iliyobaki. Sheikh, tumzuie?"

Nimekaa na swali hili siku mbili. Kufunga lina jibu lake kwenye vitabu vya fiqhi, tutalifikia. Lililonikalisha ni lile la chini yake: mtu aliyeambiwa ana ugonjwa mkubwa, bado anataka kushindana. Je, huo ni ushujaa au ni kumkimbia daktari? Ni kumtegemea Allah au ni kujitupa kwenye maangamizi kwa mikono yetu wenyewe, jambo ambalo Qur'ani imetukataza katika Suratul Baqarah?

Kabla sijajibu, nina kosa langu la kueleza.

Miaka mitatu iliyopita, katika khutba ya Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani, nilimsifu mzee mmoja wa mtaa wetu. Alikuwa na saratani ya tezi dume na alifunga mwezi mzima. Nikasema juu ya mimbari, tena kwa sauti kubwa, kwamba huyo ndiye mwanamume, na sisi wazima tuone haya. Watu wakatikisa vichwa. Nikashuka nimeridhika na khutba yangu.

Kumbe mama mmoja alikuwa anasikiliza kwa spika akiwa nyumbani. Naye alikuwa kwenye matibabu ya saratani, dripu kila baada ya wiki tatu. Tangu siku ile akaanza kufunga bila kumwambia mtu. Binti yake anamletea uji asubuhi, anasubiri binti atoke, anakwenda nyuma ya nyumba anaumwaga kwenye shina la mgomba. Hata maji hakunywa. Siku ya dripu ilipofika akapimwa damu, ikakutwa iko chini mno, akarudishwa nyumbani mpaka itakapopanda. Wiki mbili zikapotea. Niseme ukweli wote: daktari hakusema kwamba ni swaumu peke yake, maana dawa zenyewe hushusha damu. Alichosema ni kwamba mwili uliokuwa unapigana ulinyimwa maji na chakula wakati unavihitaji sana.

Nilipokwenda kumwona, mama yule aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Sheikh, nisamehe, nimeshindwa."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha mimi! Nilikaa kwenye kile kigoda nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimetangaza mashindano yenye mwendo mmoja tu, nikamweka humo mzima na mgonjwa, halafu nikampa mgonjwa jina la mshindwa.

Sasa hebu tuangalie mashindano ya Mtume (s.a.w) yalivyokuwa.

Uislamu haukudharau kushindana. Mtume (s.a.w) mwenyewe alisimamia mbio za farasi Madina. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, ameipokea Ibn Umar (r.a), ambaye naye alikuwa miongoni mwa waliopanda. Siku ile ziliwekwa mbio mbili. Farasi waliokuwa wametayarishwa, waliolishwa wakanenepa kisha wakapunguziwa chakula na kuzoeshwa mpaka miili ikakaza, walikimbia kutoka Al-Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa. Mmoja wa wapokezi alikadiria mwendo huo kuwa maili tano au sita. Farasi ambao hawakutayarishwa walikimbia kutoka Thaniyyatul Wadaa hadi msikiti wa Banu Zurayq, yapata maili moja.

Hadithi hii nimeifundisha madrasa miaka mingi kama habari ya farasi na hukumu ya zawadi. Sikuwahi kujiuliza: kwa nini mbio mbili? Ingewezekana kabisa kuwaambia wenye farasi dhaifu wakae pembeni watazame. Ingewezekana pia kuwaingiza wote katika maili sita, farasi asiyetayarishwa akapasuka mapafu njiani, tukamwimbia ushujaa wake. Mtume (s.a.w) hakufanya la kwanza wala la pili. Kila farasi alipewa mwendo wake, na mbio zote mbili zilikuwa mbio za kweli. Hakuna aliyemwambia mwenye maili moja kwamba wewe hukushindana.

Sisi watu wa Moshi tunalijua jambo hili bila kusoma kitabu. Tangu mwaka 2003 mji huu una mbio zake. Wapo wa kilomita 42, wapo wa 21, wapo wa 5 wanaokwenda na watoto na wazee, wengine wanatembea na kupiga soga. Wote wanaishia uwanja mmoja pale Chuo Kikuu cha Ushirika.

Upande wa pili wa jambo hili tunao mfano kwenye mlima wetu huu huu. Wapenzi wa tenisi wanamkumbuka Martina Navratilova, bingwa wa Wimbledon mara tisa kwa mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 2010 aligundulika ana saratani ya titi, ikiwa katika hatua ya mapema. Akiwa katika wiki za kupigwa mionzi huko Paris, aliingia uwanjani kwenye mashindano ya wachezaji wakongwe, akashirikiana na Jana Novotna, na wakashinda. Nafikiri madaktari wake walijua, na mwili ulikubali. Huo ulikuwa mwendo wake kwa wakati ule.

Desemba ya mwaka huohuo akaja kupanda Kilimanjaro kuchangia shirika la hisani la michezo. Alikuwa na miaka 54. Alipofika yapata mita 4,500 mapafu yalianza kujaa maji, ule ugonjwa wa kimo ambao humkamata hata kijana mzima asiye na historia ya maradhi. Mlima hausomi vikombe vyako. Uhuru iko mita 5,895, naye hakuifika. Wapagazi wakamteremsha, akapelekwa hospitali Nairobi, akapona.

Vijana wetu wa Marangu na Machame wanaofanya kazi ya uongozaji wanaelewa. Dawa ya kwanza ya ugonjwa ule ni kushuka. Kiongozi mzuri hapimwi kwa wangapi amewafikisha kileleni tu. Anapimwa pia kwa jicho la kutambua huyu sasa ageuke, na kwa ujasiri wa kumwambia mteja aliyelipa pesa nyingi: bwana, leo mwisho ni hapa. Na mteja mwenye akili hushuka. Navratilova alipoteremshwa hakuacha kuwa bingwa.

Kuna jambo jingine katika habari ile linanitetemesha. Pale Paris mwaka 2010, aliyekuwa mgonjwa ni Martina, na mzima ni Jana. Jana Novotna alifariki kwa saratani Novemba 2017, akiwa na miaka 49. Mwenzake alipatwa na saratani tena baadaye, akatibiwa tena, akasema vipimo vimekuwa safi. Nani kati yetu anajua yeye ni yupi kati ya hao wawili? Kwa hiyo, ewe mzima unayemtazama mgonjwa kwa huruma kana kwamba yeye anakufa na wewe unabaki, punguza. Ajali zetu hazikupangwa kwa kufuata majibu ya maabara.

Sasa nirudi kwa kaka mkubwa na mama, maana nyote wawili mna sehemu ya haki.

Kaka, unaogopa, na hofu yako ni mapenzi. Lakini nimeziona familia zinazomzika mtu akiwa hai. Akishapata majibu tu, anapokonywa ufunguo wa jiko, jembe linafichwa, watu wanazungumza juu yake hali yupo pale pale amekaa. "Asiguse hiki, asiende kule." Mtume (s.a.w) ametuhimiza kufanya pupa ya yenye manufaa, kumwomba Allah msaada na kutokuwa wanyonge. Ametuambia pia kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda aupande. Ikiwa siku ya Kiyama hatukuambiwa tutupe mche, iweje umwambie dada yako atupe wake kwa sababu ya awamu mbili za dripu?

Na wewe mama, unasema aachwe kwa kuwa ni furaha yake. Ni kweli, lakini mwili nao una haki juu yetu, hayo ni maneno ya Mtume (s.a.w) kwa swahaba aliyekuwa anafunga kila siku na kusimama usiku kucha. Na mwenye mwili huo ana watoto, ana nyinyi. Furaha inayovuruga tiba iliyo karibu kukamilika ni bora icheleweshwe.

Basi msimzuie na msimwache. Kaeni naye baada ya futari, mumuulize maswali matatu, na ajibu mwenyewe.

La kwanza: daktari wako anajua? Aende kwa wanaomtibu awaeleze wazi kwamba anataka kukimbia. Wakisema kilomita 5 kwa kutembea inawezekana, Alhamdulillah, nendeni naye mkiwa mmevaa fulana za rangi moja. Wakisema mwaka huu hapana, basi mbio zipo mwakani.

La pili: unashindana na nani? Kama anashindana na uvivu, na kukata tamaa, na ile sauti ya usiku inayosema mambo yamekwisha, huyo ni mwanamke wa kuungwa mkono. Kama anashindana ili tusiseme amekuwa dhaifu, basi kosa ni letu sisi tunaosema.

La tatu: uko tayari kugeuka? Asiyeweza kusema "leo mwisho ni hapa" huyo haendeshi farasi tena, farasi ndiye anayemwendesha.

Ama kufunga, jibu ni fupi. Aya ya swaumu yenyewe imemtaja mgonjwa, na imesema Allah anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Daktari akisema swaumu itamdhuru au itachelewesha tiba, ale. Akipona alipe siku zake. Aliyekuwa hana matarajio ya kuweza tena, alishe maskini kwa kila siku. Na ale bila kujificha nyumbani mwake, wala mtu asimtazame vibaya. Ule uji ni ibada yake kama njaa yako ilivyo ibada yako.

Najua wapo wanaosoma haya wakiwa kitandani. Kwao hata mwendo wa maili moja ni mrefu. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari. Nyinyi mnashindana wapi? Abu Musa (r.a) amepokea kwamba mja anapougua au kusafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkazi. Kama ulikuwa unasimama tarawehe, unaandikiwa. Kama ulikuwa unawapikia futari majirani, unaandikiwa. Farasi wako amefungwa zizini, na bado anahesabiwa hatua.

Na mwisho tukumbuke ngamia wa Mtume (s.a.w) aliyeitwa Al-Adbaa. Alikuwa hashindwi. Siku moja bedui akaja na ngamia wake mdogo akamshinda, Waislamu wakahuzunika sana. Mtume (s.a.w) akawafahamisha kuwa ni haki ya Allah kwamba hakiinuki kitu katika dunia hii ila Yeye hukishusha. Hakutafuta sababu, hakudai mbio zirudiwe. Mwili wangu na wako ni Al-Adbaa. Utashindwa siku moja, kwa saratani au kwa uzee, na siku hiyo haitakuwa aibu.

Yule mama alimaliza dripu zake baada ya Idi. Yupo, Alhamdulillah, na ameruhusu niandike habari yake bila jina. Ijumaa ijayo nitarudi juu ya mimbari ile ile, nisahihishe khutba yangu mbele ya watu, kwa sauti kubwa kama ile ya kwanza. Nikisahau, nikumbusheni.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, walioko wodini na walioko majumbani, walio hapa Moshi na waliosafiri kufuata mionzi Dar es Salaam. Wape madaktari na wauguzi wao subira na ustadi. Tupe kila mmoja mwendo anaouweza, na utufikishe sote mahali pamoja. Aamin.

Wallahu a'lam. Kesho in shaa Allah tutazungumzia deni. Swaumu njema, na mgonjwa wetu, uji mwema.