Kunoa Picha ya Mirihi na Amri ya Nane



Ndugu kijana mwenzangu, leo nakuja na swali lililonikaa kichwani tangu Januari 2025. Ukipiga picha ikatoka na ukungu, halafu ukainoa kwenye kompyuta mpaka ikawa kali, je, umeuonyesha ukweli au umeutengeneza? Utasema hayo ni mambo ya watu wa kamera. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipojikuta nimemdanganya mtoto wa watu.

Ilikuwa hivi. Mwezi ule Mirihi ilikuwa imeikaribia dunia, inawaka nyekundu upande wa kaskazini, kila mtu anaiona bila shida. Nina darubini ndogo na kamera ya kuchomeka kwenye kompyuta. Sayari haipigwi picha moja moja kama harusi. Unarekodi video fupi yenye maelfu ya fremu, programu kama AutoStakkert inachagua zile zilizopigwa hewa ikiwa imetulia, inazirundika moja juu ya nyingine, na unapata picha moja isiyo na chengachenga. Picha hiyo ni laini lakini imefifia, kama unaitazama sayari kupitia kioo chenye mvuke. Hapo ndipo kazi ya kunoa inapoanza. Nikafungua RegiStax, ambayo ina vitelezi sita vya waveleti, kila kimoja kwa ukubwa wake wa maumbo, kuanzia yale madogo kabisa. Unavuta kidogo, madoa ya sayari yanajitokeza. Unavuta tena, yanazidi kukolea. Jamani, utamu ule ni wa hatari.

Nikavuta mpaka sayari ikapata mstari mweupe mkali ukingoni, na ndani yake tao jeusi. Nikaona imependeza. Nikaihifadhi kama JPEG, nikaitupia kwenye kundi la vijana wa parokia. Sifa zikamiminika. Mdogo wetu mmoja wa kidato cha pili, anayependa sana sayansi, akauliza: "Kaka, huo mstari mweupe ni nini?" Nikamjibu haraka haraka: "Ni hewa ya Mirihi, mdogo wangu."

Haikuwa hewa ya Mirihi. Mstari ule hutokea pale mwanga wa ukingo wa sayari, ambao darubini yenyewe imeshautawanya kidogo, unaponolewa kupita kiasi. Waliozoea kupiga picha za Mirihi wanaujua vizuri. Mimi sikuujua, na badala ya kusema sijui, nikatunga.

Sasa, kosa langu lilikuwa wapi? Kwenye kunoa au kwenye jibu? Kwa siku kadhaa nilijitetea kwamba kunoa ndiko kubaya, na kwamba mtu mwaminifu angeiacha picha kama ilivyotoka. Lakini hoja hiyo haisimami. Picha "kama ilivyotoka" nayo si Mirihi. Ni Mirihi iliyotikiswa na hewa ya dunia, ikapitia kioo changu cha bei nafuu, ikaokotwa na kamera yenye mapungufu yake. Ule ukungu haupo kule kwenye sayari, ni wa kwetu. Kuuacha kwa makusudi na kuuita ukweli ni uvivu uliovaa joho la unyofu.

Mfano mkubwa ni darubini ya Hubble. Ilirushwa angani Aprili 1990, na muda si mrefu wakagundua kwamba kioo chake chenye upana wa mita 2.4 kilisuguliwa vibaya. Ukingoni kilikuwa bapa kuliko ilivyotakiwa kwa mikromita 2 hivi, sehemu ndogo sana ya unene wa unywele. Nyota zikatoka na ukungu. Wanaanga walifika kuirekebisha Desemba 1993 tu. Katika miaka hiyo ya kusubiri, wanasayansi walizinoa picha kwa hesabu iitwayo dikonvolusheni, ikiwemo njia ya Richardson na Lucy iliyotangulia kuandikwa miaka ya 1970. Walipima kwanza jinsi kioo chao kinavyoutawanya mwanga wa nyota moja, wakalijua kosa hilo kwa umbo lake, ndipo wakarudi nyuma kihesabu kuliondoa. Yaani, walianza na boriti iliyo kwenye jicho lao wenyewe. Mimi nilivuta vitelezi mpaka nikaona nilichotaka kukiona. Kwa mtu aliyesimama nyuma yangu, kazi hizo mbili zingefanana.

Na usifikiri nia njema inatosha. Mirihi ina kisa chake. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli, akiwa Milano, alichora mistari juu ya sayari hiyo akaiita mifereji kwa Kiitaliano. Mmarekani Percival Lowell akajenga kituo chake Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, akachora mistari hiyo kwa mamia na kuamini kwamba kuna viumbe wenye akili wanaosafirisha maji. Lowell hakuwa tapeli. Alichora alichokiona. Mwaka 1903 Edward Maunder aliwapa wavulana wa shule moja ya Greenwich michoro yenye nukta na madoa yasiyo na mpangilio, wakaitazama kwa mbali na kuinakili. Wengi wakachora mistari iliyonyooka. Jicho nalo linanoa, unaona! Likipewa nukta tatu hafifu, linazishona. Mariner 4 ilipopita karibu na Mirihi Julai 1965, ilituma picha za mashimo ya vimondo, na mifereji haikuwepo.

Kwa hiyo mtu mnyofu anaweza kushuhudia uongo huku moyo wake ukiwa safi kabisa. Wazo hili lilinisumbua kuliko lile la mstari mweupe. Kama unyofu hautoshi, nimdai nini zaidi mtu anayenionyesha picha? Nafikiri nimdai anionyeshe njia ya kurudi: kwamba nikitaka kuhakikisha, nitaweza.

Hapa ndipo aina za mafaili zinapoingia, na naomba usinikimbie. JPEG ya kawaida ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, na ili faili iwe ndogo inaigawa picha katika viraba na kutupa kile inachoona jicho halitakikosa. Ukiinoa baada ya hapo unanoa pia kingo za vile viraba, halafu unaviita mabonde. TIFF ya biti 16 ina ngazi 65,536, na haina lazima ya kutupa kitu. Halafu kuna FITS, fomati ya wanaastronomia tangu 1981. Hiyo nimeipenda kwa sababu nyingine kabisa. Mwanzoni mwa faili kuna maandishi ya kawaida: darubini gani, saa ngapi, fremu ilipigwa kwa sekunde ngapi. Kuna pia mistari ya historia, ambamo programu kama Siril au PixInsight huandika hatua ilizopitisha picha. Faili inatembea na maungamo yake. Maktaba ya Vatikano nayo ilichagua FITS kuhifadhia picha za miswada yake ya kale, kwa sababu fomati hiyo ina kanuni kwamba hakuna badiliko litakalofanya mafaili ya zamani yasisomeke tena. Ukiitupa picha kwenye simu kama nilivyofanya mimi, historia yote hiyo inabaki nyumbani.

Nilirudi kwenye faili langu la TIFF lililokuwa halijanolewa. Nashukuru nilikuwa sijalifuta. Nikalinoa kwa programu tatu tofauti, taratibu, kila moja kwa njia yake. Doa kubwa jeusi lilitokea kote. Mstari mweupe ulikuja na kuondoka kadiri nilivyovuta. Kuna mistari myembamba niliyokuwa nimeipenda sana, ikaonekana kwenye programu moja tu. Maandiko yanadai mashahidi wawili au watatu, lakini programu tatu zilizosoma faili moja bado ni shahidi mmoja aliyehojiwa mara tatu. Nikachukua video ya pili, niliyorekodi dakika chache baadaye, nikaanza upya. Mistari myembamba haikurudi.

Siku hizi jaribu limekuwa kubwa zaidi. Mwaka 2023 mtu mmoja aliififisha picha ya mwezi makusudi, akaionyesha kwenye skrini ya kompyuta ndani ya chumba chenye giza, akaipiga kwa simu ya kisasa akiwa mbali. Simu ikampa mwezi wenye mashimo ambayo hayakuwepo kwenye skrini. Ilikuwa imefundishwa mwezi unafananaje, ikamjazia. Mwezi ule ni wa kweli, mashimo yale yapo kule juu, lakini yeye hakuyaona na simu yake haikuyaona. Sasa ni ushahidi wa nani? Mimi programu za akili bandia sizikatai zote, zipo zinazotumika kwa uangalifu. Ila sitaki kusema "nimeona" juu ya kitu nilichokumbushwa na mashine.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko programu zote. Nikarudi kwenye kundi, nikaweka picha mbili kando kwa kando, isiyonolewa na iliyonolewa kwa kiasi, nikaandika kwamba ule mstari mweupe niliutengeneza mwenyewe bila kujua, na kwamba lile jibu la hewa nililitunga. Kaka mmoja akacheka sana. Wengine kimya. Yule mdogo wetu akaandika baada ya saa nzima: "Sawa kaka. Sasa lile doa jeusi katikati, nalo ni la kompyuta?"

Nikamwambia hilo lipo. Linaitwa Syrtis Major, na Christiaan Huygens alilichora mwaka 1659 kwa darubini na kalamu tu. Akaniuliza kama anaweza kupata lile faili ambalo halijanolewa. Nimemwekea kwenye flashi, atalichukua Jumapili baada ya misa ya pili.