Kufuta picha za zamani: Sitara au unafiki?

KUNA swali nililojibu vibaya miaka kadhaa iliyopita, na kwa kuwa nililijibu nikiwa na kanzu na ndevu nyeupe, aliyeniuliza aliniamini. Leo nataka kulijibu upya mbele ya wasomaji wa safu hii, maana nasikia vijana wengi wanaulizana swali hilo hilo, na sisi wazee tunawajibu kwa wepesi.

Mwenye swali ni mpwa wangu. Kwao ni Mashewa, wilayani Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Nimemuomba ruhusa kabla ya kuandika, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha nimeyageuza, nisije nikafanya lile ninalolikataza.

Mwaka 2007 alikuja Dar es Salaam kusoma chuo, na kama vijana wengi wa wakati ule akafungua ukurasa wa hi5. Wanaoikumbuka miaka ile wanajua hali ilivyokuwa. Unalipia nusu saa kwenye intaneti kafe, picha moja inafunguka polepole kutoka juu kwenda chini, na muda unakwisha kabla hujaona miguu. Mkongo wa Seacom ulikuwa bado; ulikuja kuanza kazi Julai 2009. Kwa taabu ile, aliyefanikiwa kupandisha picha yake aliona fahari, wala hakujiuliza itakaa huko mpaka lini. Nani angejiuliza? Tulizoea picha za studio, ambazo ukizichana zimekwisha.

Baadaye wenzake wakahamia Facebook, ambayo ilifunguliwa kwa watu wote Septemba 2006, naye akahama na picha zake. Mojawapo ni ya mwaka 2008. Yuko baa, ameshika chupa ya bia, na pembeni marafiki wawili wanacheka. Miaka michache mbele Mwenyezi Mungu (s.w) akamfungulia, akaiacha pombe, akarudi nyumbani, akaoa, akaanza kuwafundisha watoto Qur'an baada ya Alasiri. Ndipo akaniuliza: "Mjomba, nizifute zile picha? Au nikizifuta nitakuwa mnafiki, najifanya sikuwahi kuwa vile?"

Nikamwambia aziache. Nilimwambia picha ile ni ushahidi wa neema, kwamba kijana mwenye matatizo kama yake akiiona atajua mlango wa tawba uko wazi. Maneno matamu. Nadhani niliyaokota kwa majirani zetu walokole, ambao kwao kusimama mbele ya watu na kueleza ulivyokuwa mlevi ni sehemu ya ibada. Hiyo ni njia yao, na sina ugomvi nayo. Lakini sisi tuna njia yetu, na mimi niliisahau.

Mwaka 2023 wazee wa msikiti wao walikuwa wanatafuta mtu wa kumsaidia imamu, na jina lake likatajwa. Kabla ya kikao, mtu mmoja akaitupa picha ile kwenye kundi la WhatsApp la waumini. Hakuweka tarehe. Chini yake aliandika maneno matatu tu: "Imamu wetu huyu?" Usiku ule mpwa wangu alinipigia simu. Hakulia wala hakulalamika. Alisema: "Mjomba, ile picha uliyosema niiache imefika Mashewa kabla yangu."

Hebu tulitazame swali lenyewe. Mnafiki ni mtu ambaye ndani yuko hivi na nje anajionyesha vile, wakati ule ule. Aliyeacha jambo hana cha namna hiyo. Akiifunika picha ya 2008 hafichi alivyo. Anafunika asivyo tena. Mimi nilichanganya vitu hivi viwili, na kosa langu lilikuwa kudhani kuwa kila kisichoonyeshwa ni uongo. Uongo ni kusema "sijawahi kunywa". Kunyamaza si uongo.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a), Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa umati wake wote una matumaini ya kusamehewa, isipokuwa wanaojitangazia maovu yao. Akatoa mfano wa mtu aliyefanya jambo usiku, Mola wake akamsitiri, kisha kulipokucha akaenda kuwasimulia watu na kulivua pazia aliloshushiwa. Niliposoma tena hadithi hii baada ya simu ile niliona aibu. Ukurasa wa mtandao ni asubuhi isiyokwisha. Picha ikiachwa pale, inasimulia kila siku kwa kila anayepita, hata kama mwenyewe amelala au yumo msikitini amesujudu.

Kuna ubaya mwingine wa picha ambao maneno ya mdomo hayana. Mtu akisimulia, atasema "alikuwa akinywa". Picha haijui kusema "alikuwa". Inasema "huyu hapa". Ndiyo maana aliyeitupa kundini hakuhitaji kusema uongo hata kidogo. Ilitosha kutoweka tarehe.

Wapo wanaosema kuwa zamani kijijini mambo yalikuwa mepesi kwa sababu watu walisahau. Si kweli. Mimi nimekulia Mashewa, na nawaambia kijiji hakisahau kitu. Nani aliiba mbuzi wa nani, nani alifukuzwa wapi, yote yanajulikana. Ila mtu akitengenea, watu wanachagua kunyamaza. Kumbukumbu ilikuwa vichwani mwa watu wenye haya na huruma, wanaoweza kuizuia isitoke. Sasa tumeiweka kwenye mashine ambayo haina haya wala huruma, na kila mwenye simu ana ufunguo wake.

Tukumbuke pia kwamba daftari kubwa kuliko yote, la Malaika waandishi, nalo lina mlango. Katika Suratul Furqan, aya ya 70, Mola ameahidi kuwa atakayetubu, akaamini na akatenda mema, maovu yake yatabadilishwa yawe mema. Je, tuwe wagumu wa kusamehe kuliko Mwenye daftari?

Wenzetu wa Ulaya wamelifikisha suala hili mahakamani. Mhispania mmoja, Mario Costeja González, alikuwa na deni lililosababisha mali yake kutangazwa mnadani gazetini mwaka 1998. Jambo likaisha, lakini kila aliyeandika jina lake kwenye Google aliletewa tangazo lile. Mwezi Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilimpa haki ya kuomba kiungo kile kiondolewe. Kichekesho ni kwamba sasa dunia nzima inalijua deni lake, hata sisi wa huku. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Ni hatua njema. Lakini sheria gani itamshika mkono muumini anayetaka kumtumia mwenzake picha saa nne ya usiku?

Hapa lazima niweke mpaka, nisije nikaeleweka kuwa natetea kila anayefuta. Imam Nawawi katika Riyadhus Swalihin ameeleza mahali ambapo kumsema mtu kunaruhusiwa kwa haja ya kisheria, na ushauri wa ndoa ni mojawapo. Fatima bint Qays (r.a) alipomtaka ushauri Mtume (s.a.w) kuhusu waliomposa, alielezwa wazi hali zao: mmoja hana mali, mwingine ana mkono mwepesi wa kupiga. Lakini angalia, alielezwa walivyo siku ile. Mpwa wangu angekuwa bado anakunywa, waumini wangekuwa na haki ya kuambiwa, na kunyamaza kungekuwa khiyana. Na kama mtu alidhulumu mali ya watu, kufuta picha hakumwondolei deni, alipe kwanza. Haki ya mja haifutwi kwa kidole.

Kuna ugonjwa mwingine unaokuja baada ya kufuta. Mtu anaondoa picha ya chupa, kisha anajaza ukurasa kwa picha zake akiwa itikafu, akigawa futari, machozi yakimtoka mbele ya Al-Kaaba. Huyo sasa amehama kutoka sitara kwenda riya, na naogopa safari hiyo ni fupi kuliko tunavyodhani.

Mpwa wangu alifuta alichoweza. Aligundua kuwa picha ikiwa imewekwa na mwingine, unachoweza kuondoa mwenyewe ni jina lako tu; picha inabaki kwake. Rafiki mmoja alikubali kuifuta. Wa pili alikuwa ameshafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na ukurasa wake bado uko hewani na chupa yake mkononi. Facebook hukubali ombi la jamaa wa karibu la kuuondoa ukurasa wa marehemu, lakini utamwendeaje mama mzazi na kumwonyesha kwa nini? Tulimtafuta kaka yake. Tulimweleza kwa maneno machache, akaelewa kabla hatujamaliza, akasema mama asiambiwe.

Kikao kilikaa Ijumaa iliyofuata. Niliyehudhuria ni mimi, yeye alikataa kuja. Mzee mmoja aliyezidi miaka themanini aliomba aonyeshwe ile simu. Akaisogeza karibu na macho, akauliza picha ni ya mwaka gani. Akaambiwa 2008. Akamrudishia mwenyewe simu yake na kusema: "Mimi msiniulize nilikuwa wapi nilipokuwa na umri wa huyu." Hakuna aliyemuuliza. Wakaingia kwenye ajenda ya paa.

Juzi, nikitafuta tarehe ya ujumbe ule kwa ajili ya makala hii, niliikuta picha ndani ya simu yangu mwenyewe. Ilijihifadhi bila mimi kujua, katikati ya picha ya mjukuu wangu na risiti ya luku. Ilikuwa imekaa humo tangu 2023.